Namna ya Kumpeleka kwa Daktari Mtoto Anayeugua Tumbo

Kila Jumatatu asubuhi, kabla sijaketi, benchi lililo nje ya chumba changu hapa Kisumu huwa limekwisha kujaa. Wapo waliotoka Kondele na Nyalenda kwa miguu, wapo waliopanda matatu alfajiri kutoka Ahero, Bondo au Maseno, na karibu kila mmoja amembeba mtoto ambaye tatizo lake linaelezwa kwa maneno mawili tu: tumbo linauma. Maneno hayo ni ya kweli, lakini hayanitoshi. Tumboni mna ini, kongosho, wengu, figo na utumbo wa aina mbili, na mara nyingi tumbo la mtoto huuma hata pale ambapo ugonjwa uko kwingine kabisa, kama vile kooni, kwenye mapafu, au katika damu yenye malaria. Mtoto wa mwaka mmoja hawezi kunieleza. Anayeweza ni wewe uliyelala naye, ukamlisha na kumbadilisha nepi. Mwongozo huu unaeleza mambo ya kutazama nyumbani, ya kufanya kabla ya kufika kwetu, na yale ambayo daktari huyatafuta anapomshika mtoto wako.

Madaktari waliobobea katika magonjwa ya tumbo na ini la watoto ni wachache mno nchini, kwa hiyo usingoje kumpata mmoja wao ndipo uanze. Anzia kwa tabibu wa zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Yeye ndiye atakayeamua kama mtoto aende kwa daktari wa watoto katika hospitali ya kaunti, au apelekwe katika hospitali ya rufaa kama ile ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wakazi wa Kisumu bado huiita Russia, au ile ya Moi iliyoko Eldoret. Maelezo utakayoyabeba yatakufaa kotekote.

Tazama choo kabla ya kukitupa

Tazama rangi yake, tazama kama ni maji matupu, ute, uji au vidonge vigumu, hesabu ni mara ngapi tangu asubuhi, kisha uandike nyuma ya kile kijitabu cha mama na mtoto au upige picha kwa simu. Wazazi wengi huona haya kunionyesha picha ya namna hiyo. Tafadhali usione haya. Mimi huishukuru kila picha.

Nyanya mmoja alikuja kwangu na mjukuu wa miezi saba. Nilipomuuliza, "Nyanya, choo cha mtoto kikoje?" hakujibu neno. Alifungua kikapu, akatoa bakuli la plastiki lenye kifuniko, na ndani yake mlikuwa na nepi ya kitambaa iliyokunjwa mara nne. Alipoikunjua tuliona ute mzito uliochanganyika na damu, mwekundu wa kuiva, bila kinyesi chochote. Mtoto alikuwa akilia kwa vipindi huku akiikunja miguu kuelekea tumboni, kisha analegea na kutulia kana kwamba amepona, halafu kilio kinaanza tena. Siku iliyotangulia alikuwa amepewa dawa ya kuhara damu katika duka la dawa. Nepi ile ndiyo iliyotuelekeza: kipande cha utumbo kilikuwa kimeingia ndani ya kingine, kama mkono wa sweta unavyojikunja ndani yake unapovuliwa kwa haraka. Hali hiyo huwapata zaidi watoto wa kati ya miezi mitatu na miaka miwili. Ikiwahiwa, na pakiwa na vifaa, utumbo unaweza kurudishwa kwa kusukumwa na hewa au maji kupitia njia ya haja kubwa. Ikichelewa, kipande kile hufa na hapana budi mtoto apasuliwe. Yule wa nyanya alipasuliwa jioni hiyo hiyo, na sasa anatembea.

Choo cheupe kama chokaa, au chenye rangi ya udongo mkavu, kwa mtoto mchanga ambaye macho yake ni ya manjano, ni jambo la kumfikisha hospitalini siku hiyo hiyo. Umanjano unaoendelea baada ya siku 14 za kuzaliwa unahitaji kipimo cha damu kinachotenganisha aina mbili za bilirubini, ile rangi ya manjano iliyo katika damu, kwa kuwa kuna watoto ambao mirija yao ya nyongo imeziba, na upasuaji wa kuwafungulia njia, uliobuniwa na Morio Kasai wa Japani katika miaka ya 1950, hufaulu zaidi ukifanywa kabla ya siku 60. Inaniuma sana ninapompokea mtoto wa miezi minne ambaye mama yake aliambiwa wiki baada ya wiki amwote jua la asubuhi, mpaka ini likawa gumu.

Matapishi nayo yatazame. Maziwa yanayocheuliwa kidogo kidogo na mtoto anayenenepa vizuri hayana neno. Matapishi ya kijani kwa mtoto mchanga ni dharura ya upasuaji hadi ithibitishwe vinginevyo, hata kama mtoto anaonekana mzima. Mtoto wa wiki tatu hadi sita anayetapika kwa kishindo kila anyonyapo, kisha akataka kunyonya tena papo hapo, huenda mlango wa kutokea wa tumbo lake la chakula umekuwa mnene ukazuia maziwa kupita. Na mtoto aliyezaliwa akapitisha saa 48 bila kutoa kile choo cheusi cha kwanza asipelekwe nyumbani kabla ya kuchunguzwa.

Anapoharisha, dawa ya kwanza ni maji

Hapa ndipo ningependa usome polepole, kwa sababu kuhara ndiko kunakowaleta wengi kwetu, hasa mvua inapojaza mto Nyando na maji ya mafuriko yakaingia katika visima na vyoo vya uwanda wa Kano. Mtoto hauawi na kinyesi chenyewe. Huuawa na maji na chumvi vinavyomtoka. Utumbo unaoharisha bado una uwezo wa kufyonza sukari, na sukari inapopita huivuta chumvi pamoja nayo, kisha maji yakafuata. Hiyo ndiyo siri ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji ya kunywa. Mwaka wa 1971, katika kambi ya wakimbizi huko Bangaon nchini India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya dripu katikati ya kipindupindu, akaamua kuwanywesha wagonjwa mchanganyiko wa chumvi na sukari. Vifo vikashuka kutoka takriban 30 katika kila wagonjwa 100 hadi chini ya wanne. Nalitaja hili kwa sababu kila wiki mzazi huniambia kwa masikitiko kwamba mtoto "hakupewa dawa, alipewa maji tu".

Soma pakiti kwanza: nyingine ni za nusu lita, nyingine za lita nzima, na ukikosea, mchanganyiko unaweza kuwa mkali mno au hafifu mno. Chupa ya soda ya nusu lita iliyooshwa vizuri ni kipimo kizuri. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa au yaliyotiwa dawa, usiongeze sukari, usiuchemshe mchanganyiko, na ukibaki baada ya saa 24 umwage. Mtoto aliye chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha maji. Mkubwa kuliko huyo apewe 100 hadi 200. Pakiti ikikosekana usiku, changanya lita moja ya maji safi na vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vikiwa vimesawazishwa, na kesho utafute pakiti.

Kikombe huwashinda wengi kwa sababu mtoto mwenye kiu hunywa kwa pupa kisha akatapika chote. Tumia kijiko. Mtoto wa kilo 8 aliyeanza kukaukiwa anahitaji mililita 600 katika saa nne, na hesabu yake ni nyepesi: kijiko kimoja cha chai, yaani mililita tano, kila dakika mbili. Nimewaona akina mama wakiifanya kazi hiyo wodini wakiwa na saa ya ukutani mbele yao, mtoto amelazwa mapajani kichwa kikiwa juu kidogo, kijiko kinaguswa kwenye mdomo wa chini, mtoto analamba, na baada ya saa ya pili macho yaliyokuwa yamezama yanaanza kurudi mahali pake. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha uendelee polepole zaidi.

Pamoja na ORS mtoto apewe zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi sita. Kidonge huyeyuka katika kijiko cha maji au cha maziwa ya mama. Wengi hukiacha siku ya tatu choo kinapokauka. Usikiache, kwa sababu zinki hupunguza pia uwezekano wa kuharisha tena katika miezi miwili au mitatu inayofuata. Endelea kumnyonyesha, na mkubwa apewe chakula chake cha kawaida, uji, ugali na mchuzi wa omena, ndizi au viazi, mara nyingi kidogo kidogo. Kumfunga mtoto chakula ili "tumbo lipumzike" humwongezea udhaifu.

Usimpe dawa ya kuzuia choo. Usimnunulie antibiotiki bila ushauri, kwa kuwa kuhara kwa maji kwa watoto wadogo husababishwa mara nyingi na virusi, ambavyo antibiotiki haziviui. Utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi saba za Afrika na Asia, Nyanza ikiwa mojawapo ya vituo vyake, ulitoa matokeo yake mwaka wa 2013 ukionyesha kwamba virusi vya rota ndivyo vilivyoongoza kwa watoto wachanga. Chanjo yake imekuwa ikitolewa bure nchini tangu 2014, kuanzia wiki ya sita, na dozi ya kwanza haitakiwi kucheleweshwa.

Mpeleke hospitalini bila kungoja asubuhi ikiwa amelegea au haamki vizuri, hawezi kunywa, anatapika kila kitu, macho yamebonyea, hakojoi, choo kina damu, au ukiifinya ngozi ya tumbo inachukua zaidi ya sekunde mbili kurudi. Njiani endelea na kijiko, maadamu anameza. Kuhara kunakofikia siku 14 ni ugonjwa wa aina nyingine na kunahitaji uchunguzi wake.

Daktari anapomshika mtoto

Nitakuuliza mambo ambayo huenda yakaonekana hayahusiani: mtoto alizaliwa na uzito gani, alianza uji lini, maji ya kunywa hutoka wapi, nani mwingine nyumbani ana tumbo, ukoo una selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, au la. Swali la selimundu silirushi kamwe katika eneo hili, kwa kuwa maumivu makali ya tumbo na wengu unaovimba ghafla huwa dalili zake. Kwa watoto wa Dunga, Usoma, Rusinga au Mfangano, wanaokaa kando ya Ziwa Victoria au visiwani, huuliza pia kama wanaoga ziwani, kwa sababu kichocho cha utumbo huanza kwa damu kidogo katika choo na maumivu yanayokuja na kuondoka, na kikiachwa miaka mingi huvimbisha ini na wengu hadi mtoto akatapika damu. Dawa yake, prazikwanteli, ipo na si ghali. Minyoo ya kawaida ni rahisi zaidi: dawa kila miezi sita kuanzia mwaka mmoja, basi.

Niambie dawa zote alizokunywa, za dukani na za miti. Niambie pia kama amechanjwa chale tumboni kwa sababu ya sihoho, yaani jicho baya, amekatwa kilimi, au amechimbuliwa ufizi kuondoa kile kinachoitwa meno ya plastiki. Sikuulizi ili nikugombeze mbele ya watu. Ninajua nyanya zetu walifanya walichokijua kwa mapenzi. Lakini chale za wembe na ufizi uliochimbuliwa huingiza vijidudu katika damu, na dawa za miti nyingine huumiza figo na ini, kwa hiyo nikijua mapema namwokoa mtoto kwa haraka zaidi.

Kisha nitampima uzito na urefu, na mzunguko wa mkono wake kwa ule utepe wa rangi. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, na matibabu yake ya maji na chakula hubadilika kabisa. Nitamtazama akicheza kabla ya kumgusa. Aliye mkubwa nitamwomba aonyeshe panapouma kwa kidole kimoja. Anayeonyesha kitovuni, anakula, anaongezeka uzito na halali akilia, mara nyingi hana ugonjwa hatari, ingawa maumivu yake ni ya kweli na hastahili kuitwa mwongo. Anayeonyesha mbali na kitovu, anayeamshwa usiku na maumivu, anayekonda au mwenye homa, huyo atapimwa zaidi.

Kuhusu vipimo, nina neno moja la kusisitiza. Watoto wengi huletwa wakiwa wamekwisha kudungwa sindano za siku saba za homa ya matumbo kwa sababu ya kipimo cha Widal kilichofanywa katika chumba cha nyuma cha duka la dawa. Kipimo hicho hukosea mara nyingi, hasa katika eneo ambalo watu wengi wamewahi kukutana na vijidudu vya ugonjwa huo. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu katika maabara. Ukiambiwa mtoto ana taifodi, uliza kwa upole ni kipimo gani kilichotumika, na kama malaria imepimwa.

Choo kigumu, tatizo linalofichwa

Mvulana wa miaka minane aliletwa na baba yake kutoka upande wa Ahero kwa kuwa alikuwa "akiendesha" kila siku. Suruali ya shule ilikuwa ikichafuka, wenzake walikuwa wamempa jina baya, na nyumbani alikuwa amechapwa. Alijilaza kitandani akitazama ukuta. Nilipoweka vidole upande wa kushoto wa chini wa tumbo lake nilihisi mafundo magumu yaliyopangana kama mawe. Hakuwa akiharisha hata kidogo. Alikuwa amejaa choo kikavu cha wiki kadhaa, na kile kilichokuwa kikimvuja ni maji yaliyopenya pembeni mwa mafundo hayo bila yeye kuhisi. Nilimketisha baba nikamwongoza mkono wake mwenyewe pale pale tumboni, naye alipoyahisi mawe yale alinyamaza, kisha akamwambia mwanawe, "Nisamehe, baba." Baadaye kijana alinieleza kwamba choo cha shuleni hakikuwa na mlango, ndipo alipoanza kujizuia.

Ikiwa mtoto wako anakwenda haja chini ya mara tatu kwa wiki, anatoa choo kikubwa kigumu kwa maumivu, anasimama akibana miguu na kujificha nyuma ya mlango, au anachafua nguo baada ya kuwa alikwisha kuzoea choo, shuku hali hii. Matibabu yana hatua mbili: kwanza kuondoa mzigo uliojaa, kwa dawa ya kunywa ya kulainisha kama laktulosi au polietilini glaikoli kwa kipimo cha daktari, kisha kuendelea na dozi ndogo kwa miezi kadhaa, mpaka utumbo uliotanuka urudie umbo lake na mtoto asahau maumivu. Karibu wote wanaorudi kwangu walisimamisha dawa wiki ya pili kwa kuogopa kwamba mtoto "atazoea". Dawa hizi hazimzoeshi. Kinachomrudisha nyuma ni kuziacha mapema.

Mketishe chooni dakika tano hadi kumi baada ya staftahi na baada ya chakula cha jioni, wakati ambapo utumbo husukuma wenyewe, miguu ikiwa imekanyaga kitu imara ili magoti yapande juu ya nyonga. Mpe maji, papai, parachichi, maharagwe, apoth (mrenda) na osuga (mnavu), na upunguze maziwa ya ng'ombe ikiwa anayanywa badala ya chakula. Usimtie kipande cha sabuni wala maji ya dawa za miti katika njia ya haja kubwa. Sabuni huunguza utando wa ndani. Usimchape wala kumkaripia kwa nguo iliyochafuka. Zungumza na mwalimu wake ili aruhusiwe kutoka darasani anapohisi haja. Ila ikiwa tatizo lilianza tangu kuzaliwa, tumbo limevimba, au haongezeki uzito, dawa ya kulainisha haitoshi. Mlete tuangalie kama kipande cha utumbo kilikosa mishipa ya fahamu.

Siku ya kuja na siku ya kurudi

Beba kijitabu cha mama na mtoto, dawa zote zikiwa katika pakiti zake, karatasi za vipimo vya awali, na ile picha ya choo. Aje mtu anayeshinda na mtoto, hata kama ni dada wa nyumbani, kwa kuwa mara nyingi yeye ndiye ajuaye. Usimnyime mtoto chakula wala maji njiani isipokuwa umeagizwa hivyo kwa ajili ya upasuaji au kipimo.

Kabla hujatoka chumbani, niulize ninashuku ni ugonjwa gani, dawa ni ya siku ngapi, na ni dalili gani zitakazokufanya urudi kabla ya tarehe. Nikisema maneno usiyoyaelewa, nirudishe nyuma, hata kama benchi limejaa. Mwenye kuhara kwa maji ambaye hajapata nafuu arudi siku ya tano, mwenye kuhara damu siku ya pili au ya tatu, na mwenye choo kigumu arudi kila mwezi akiwa na kijitabu kile kile, ili uzito wa leo usomwe kando ya uzito wa mwezi uliopita.